Mchwa wa Njoro na Jamaa Zao wa Visiwani

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Njoro huifuata kwa mwendo mfupi barabara kuu iendayo Eldoret, kisha hupinda kushoto na kuanza kupanda. Nyuma yake huliacha shimo kubwa la Menengai na ziwa lenye heroe. Mbele yake husimama msitu wa Mau, ukiwa kama ukuta mweusi chini ya mawingu. Kabla ya kilomita 20 kwisha hujikuta amefika katika mji mdogo wenye ubaridi, ulio zaidi ya meta 2,100 juu ya usawa wa bahari. Jina la Njoro latoka katika lugha ya Wamasai, na maana yake ni chemchemi ya maji. Mto wa jina hilo huteremka kutoka Mau, hupita mashambani, na mwisho huingia katika Ziwa Nakuru.

Wengi waijua Njoro kwa ajili ya ngano. Hapa ndipo Lord Delamere alipopata shamba lake kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na hapa ndipo ngano yake ilipoliwa na kutu hata akalazimika kumwajiri mtaalamu wa kutafuta mbegu yenye nguvu zaidi. Mwaka 1927 serikali ilijenga Njoro kituo cha kuzalisha mbegu bora, na utafiti wa ngano unaendelea hapo mpaka leo. Mwaka 1939 Lord Egerton alianzisha karibu na hapo shule ya ukulima, ambayo ilikua ikawa chuo, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Kwa kifupi, Njoro ni mahali pa mbegu.

Hata hivyo, kabla plau ya kwanza haijapasua udongo wa nchi hii, walikuwako wakulima wengine katika Bonde la Ufa. Hao hawana jembe wala ng'ombe wa kulimia. Shamba lao liko chini ya ardhi, zao lao ni uyoga, na mbegu yao ni ndogo hata haionekani kwa macho. Wakulima hao ni mchwa. Mwenye shamba awaonaye wakitafuna nguzo ya ua wake huwahesabu kuwa adui tu, na mara nyingi ana haki. Lakini akiutazama mwili wa mdudu huyu kwa makini, akaulizia na ukoo wake, na akajua ni nani katika jamaa zake aliyeweza kuvuka bahari na kukaa visiwani na ni nani aliyeshindwa, atapata elimu itakayomfaa nyumbani na shambani.

NGUZO YA MTARAKWA

Elimu hiyo yaweza kuanza penye ua. Watu wa Njoro na Mau tangu zamani wamependa kujenga nyua zao kwa nguzo za mtarakwa, ule mti wa milimani wenye harufu nzuri ambao uliwahi kukatwa kwa wingi ili kutengenezea penseli. Mbao za mtarakwa zina mafuta ambayo mchwa hawayapendi, na nguzo yake yaweza kusimama ardhini miaka mingi bila ya kuliwa. Nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa, ikisimikwa kando yake siku ile ile, haitakawia kuanguka. Nao wale waliojenga reli iliyopita Njoro na kufika Kisumu mwaka 1901 walilaza vyuma vyao juu ya mataruma ya chuma, chakula ambacho hakuna mchwa akiwezaye.

Mtu akiivunja nguzo iliyoliwa ataona kwamba nje imebaki nzima kama ganda la yai, lakini ndani mmejaa udongo mkavu. Katikati ya udongo huo watakimbia wadudu weupe, laini, wasiopenda jua, na pamoja nao wachache wenye vichwa vikubwa vya rangi ya kahawia na mataya kama koleo. Wale weupe ni vibarua. Wenye mataya ni askari. Kibarua hujenga, hutafuta chakula na kuwalisha wengine wote. Askari hajui kazi ila vita, na mataya yake hayamwezeshi hata kujilisha mwenyewe. Asipolishwa na kibarua hufa njaa. Wako na askari wa namna nyingine, ambao badala ya mataya makali kichwa chao kimechongoka mbele kama pua ndefu, nao humrushia adui maji ya kunata kama gundi.

SI NDUGU WA SISIMIZI

Watu wengi hudhani kwamba mchwa ni ndugu wa sisimizi na siafu, na ni rahisi kuona sababu. Wote huishi mjini kwa maelfu, wote wana malkia, askari na vibarua, na wote huota mabawa wakati wa kuhama. Lakini mwili hausemi uongo. Sisimizi ana kiuno chembamba mno, kama kwamba amefungwa uzi. Mchwa hana kiuno, kifua chake na tumbo lake vimeungana sawasawa. Vipapasio vya sisimizi vimepinda kama kiwiko cha mkono. Vya mchwa vimenyooka, mfano wa ushanga uliotungwa. Sisimizi mwenye mabawa ana mabawa ya mbele makubwa na ya nyuma madogo; kumbikumbi, ambaye ndiye mchwa mwenye mabawa, ana mabawa manne yaliyo karibu sawa kwa urefu, naye huyakatua mwenyewe mara atuapo chini.

Tofauti iliyo kubwa zaidi imo katika kukua kwao. Mtoto wa sisimizi ni funza asiye na miguu, ambaye hulala kama mfu kabla ya kugeuka na kuwa mdudu kamili. Mtoto wa mchwa hutoka katika yai akiwa na miguu sita na sura ya wazazi wake, naye hukua kwa kujivua ngozi. Tena, katika mji wa sisimizi vibarua wote ni wa kike, na dume hufa punde baada ya arusi yake. Katika mji wa mchwa wamo vibarua wa kike na wa kiume, na mfalme hukaa pamoja na malkia katika chumba kimoja maisha yao yote. Kwa hakika sisimizi ni jamaa wa nyuki na nyigu. Yeye na mchwa wamefanana desturi tu, mfano wa watu wawili waliotoka nchi mbalimbali wakakutana katika soko moja.

UKOO WA MENDE

Basi mchwa ni jamaa wa nani? Jibu litawashangaza wengi: ni jamaa wa mende. Kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka mchwa katika kabila lao peke yao, ingawa baadhi yao walishuku udugu huo. Mwaka 1934 Mmarekani L. R. Cleveland na wenzake walieleza habari za mende mmoja wa misitu ya Marekani, aitwaye Cryptocercus. Huyu hafanani kwa tabia na mende wa jikoni. Hukaa ndani ya gogo linalooza, baba na mama pamoja na watoto wao, na chakula chake ni mti. Tumboni mwake mna vijidudu vidogo sana vinavyomsaidia kuyeyusha mti, na watoto huvipokea kwa kunywa maji yatokayo nyuma ya wazazi. Mchwa wengi wa aina za kale hufanya vivyo hivyo, na vijidudu vilivyomo tumboni mwao ni ndugu wa vile vya mende huyo.

Ushahidi wa pili ulitoka Australia. Katika sehemu za kaskazini za nchi hiyo yuko mchwa mmoja aitwaye Mastotermes, ambaye ni kama mzee wa ukoo aliyebaki hai baada ya wenzake kufa. Mabaki ya jamaa zake ya zamani sana yamekutwa katika mawe na gundi ya miti ya Ulaya na Marekani. Mayai yake hayatagwi moja moja, bali hushikamana kwa safu kama mayai ya mende, na mabawa yake ya nyuma yana sehemu pana iliyo kama ya mende. Mwishowe, mwaka 2007, wataalamu watatu wa jumba la makumbusho ya viumbe la London, Daegan Inward, George Beccaloni na Paul Eggleton, walilinganisha chembe za urithi za mchwa na mende wa aina nyingi. Walithibitisha kwamba mchwa wamo ndani ya ukoo wa mende, na kwamba ndugu yao wa karibu ni yule Cryptocercus wa magogoni.

Kwa hiyo mchwa ni mende aliyejifunza kuishi katika mji. Hatua ya kwanza ya safari hiyo ilikuwa ile desturi ya wazazi kukaa na watoto wao na kuwapa kitu ambacho hawawezi kuishi bila yake. Msomaji na aikumbuke desturi hiyo, kwa maana ndiyo itakayoeleza habari za visiwani.

SHAMBA LA UYOGA

Leo ziko aina za mchwa karibu 3,000 duniani, na Afrika ndiyo yenye nyingi kuliko bara jingine lolote. Baadhi yao waliacha kuvitegemea vile vijidudu vya kale vya tumboni na kutafuta msaidizi mwingine. Katika Afrika, miaka kama milioni 30 iliyopita, kundi moja la mchwa lilianza kupanda uyoga. Wao ndio wajenzi wa vichuguu vikubwa vionekanavyo katika nyika za Afrika ya Mashariki. Vibarua huleta majani makavu, mabua na vipande vya mti, huvila, na mavi yao huyatumia kujengea masega chini ya ardhi. Juu ya masega hayo humea ukungu mweupe unaoyalainisha, na mchwa hula ukungu pamoja na masega yaliyokwisha kulainika. Ukungu huo hauishi porini peke yake, bali hutunzwa na mchwa tu. Nao mchwa hawa hawawezi kuishi bila ya ukungu wao.

Wanadamu hula katika mavuno ya pande zote mbili. Mvua ikinyesha, uyoga mkubwa mweupe huchomoza juu ya kichuguu, nao huhesabiwa miongoni mwa uyoga mtamu kuliko wote. Nao kumbikumbi hutoka kwa maelfu, wakakusanywa, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Wajaluo huwaita ng'wen na Waluhya huwaita chiswa, na wafanyakazi waliokuja Njoro kutoka magharibi hawakuusahau utamu wao.

Kumbikumbi ni bwana arusi na bibi arusi. Wakisha kuyakatua mabawa yao, mume humfuata mke, huchimba kishimo, na wakijaliwa kutokuliwa na ndege, chura wala sisimizi, wataanzisha mji mpya. Lakini hapa kuna shida. Mji hauwezi kusimama bila ya uyoga, na je, mbegu ya uyoga itatoka wapi?

Aina nyingi zimeamua kuiokota njiani. Wazazi huanza mikono mitupu, wakilea watoto wao wa kwanza kwa akiba ya mwili. Vibarua wa kwanza wakisha kukomaa hutoka nje, na katika takataka wazileteazo nyumbani huwamo mbegu za uyoga uliochomoza katika vichuguu vya majirani, mbegu ndogo kama vumbi. Mahali penye majirani wengi mpango huu hauna hasara. Yako makundi mawili tu yajulikanayo yenye desturi nyingine. Katika aina moja ya wajenzi wakubwa, iitwayo Macrotermes bellicosus, mume huibeba mbegu tumboni mwake anapoondoka kwao. Katika jamaa ya mchwa wadogo waitwao Microtermes, mke ndiye aibebaye. Hawa Microtermes hawajengi kichuguu cha kuonekana. Hukaa chini kwa chini, na mkulima wa mahindi huwajua kwa mizizi iliyoliwa na mabua yaliyoanguka.

KISIWA CHA BARIDI

Msafiri akiiacha Njoro na kuendelea kupanda kuelekea Mau Narok, hewa huzidi kuwa baridi na udongo kuwa na unyevu. Mchwa ni viumbe vya joto, na kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo aina zao zipunguavyo. Nchi ya juu ya Mau, ikizungukwa na mabonde yenye joto, kwa mchwa ni sawa na kisiwa: kiumbe cha bondeni hakiwezi kuingia na kukaa kwa kuwa tu kina mabawa. Kumbikumbi si mrukaji hodari. Bila ya kusaidiwa na upepo huanguka karibu na alipotoka, na kuanguka mahali pasipofaa ni sawa na kutosafiri.

Mtu asimamaye juu ya Mau na kutazama chini kwenye bonde aweza basi kuuliza swali lile lile kwa bahari. Ikiwa baridi ya mlima huwachuja mchwa hivi, je, maji ya chumvi huwachujaje?

WALIOFIKA NA WALIOSHINDWA

Visiwa si vya namna moja. Kati ya Unguja na bara bahari haina kina kikubwa, na wakati barafu ilipotanda sehemu za kaskazini za dunia na maji ya bahari kushuka, Unguja iliungana na bara. Wanyama na wadudu waliweza kwenda kwa miguu. Pemba imetengwa na mlango wa bahari wenye kina kirefu, nayo ni kisiwa cha kale. Madagascar iko mbali zaidi. Hata mahali bahari ilipo nyembamba, ni kilomita kama 400 kutoka pwani ya Afrika, na kisiwa hicho kilikuwa kimekwisha tengana na bara letu zamani sana, kabla mchwa hawajaanza kulima uyoga. Kwa hiyo kila mchwa mkulima aliyeko Madagascar hana budi kuwa mtoto wa wazazi waliovuka maji, ama kwa kuchukuliwa na upepo, ama juu ya kisiki au pande la udongo lililoelea.

Mwaka 2010 Tânia Nobre, Paul Eggleton na Duur Aanen walitoa habari za uchunguzi wao juu ya jambo hilo. Katika Afrika ziko jamaa nyingi za mchwa wa uyoga, wakubwa kwa wadogo. Wale wajenzi wa vichuguu virefu, wenye askari wakali na malkia mwenye urefu wa kidole cha mtu, mtu angewadhania kuwa ndio washindi. Lakini wataalamu hao waliona kwamba mchwa wote wa uyoga waliomo Madagascar leo wametoka katika safari moja tu, iliyofanywa miaka kama milioni 13 iliyopita, na waliosafiri walikuwa wa jamaa ya Microtermes, wale wadogo wasio na kichuguu, ambao mke hubeba mbegu ya uyoga tumboni mwake.

Sababu yake ni wazi kwa mkulima yeyote. Wale wengine, hata kama baadhi yao walipata kutupwa pwani ya Madagascar, walifika katika nchi isiyo na jirani wa kuwaazima mbegu. Watoto wao wa kwanza walitoka nje kutafuta na hawakuona kitu, na mji ukafa kabla ya kuzaliwa. Aliyebeba mbegu yake ndiye aliyeweza kukaa. Na liko jambo la pili katika habari hiyo, la kupendeza. Mji wa kwanza ulipokwisha kusimama, aina nyingine za uyoga zilifika kisiwani kutoka bara mara kadhaa, nazo zikapokelewa. Mgeni wa kwanza alikuwa amekwisha kuwatayarishia wa nyuma makao.

ABIRIA ASIYELIPA NAULI

Iko na njia nyingine ya kuvuka bahari, nayo ni kukaa ndani ya chakula chako. Hiyo ndiyo njia ya mchwa wa mbao kavu, waliotapakaa katika visiwa vingi vya nchi za joto. Hawa hawahitaji udongo wala uyoga. Huishi ndani ya kipande kimoja cha mti, bado wana vile vijidudu vya kale tumboni, na hujua kubana maji ya mwili wao hata kinyesi chao hutoka kama punje kavu. Hawana vibarua wa kweli. Kazi hufanywa na watoto wanaokua, na mtoto yeyote kati yao aweza kugeuka kuwa mfalme au malkia ikiwa wazazi wamekufa. Askari wa baadhi yao hana haja ya mataya makubwa. Kichwa chake ni kifupi, cheusi na bapa, naye hukitumia kama kizibo cha chupa kuziba tundu adui asipite.

Mwili wa namna hiyo ni mwili wa msafiri. Tawi likikatika na kuangukia mtoni, likaelea mpaka baharini, mji wote huenda nalo. Mwaka 1883 mlima wa moto wa Krakatau katika visiwa vya Indonesia ulipasuka na kuteketeza viumbe vyote vilivyokuwa juu yake. Mchwa walirudi baadaye, na wengi wa waliorudi walikuwa wale wakaao ndani ya miti.

Lakini msaidizi wao mkubwa amekuwa mwanadamu mwenyewe. Kila jahazi, kila kitanda, kila sanduku la mbao laweza kuwa chombo chao. Mchwa mmoja wa mbao kavu ambaye kwao ni pwani ya magharibi ya Marekani ya Kusini ameenezwa na meli katika bandari nyingi za dunia. Kisiwa cha St Helena, katika bahari ya magharibi ya Afrika, kilipata mafundisho makali. Husimuliwa kwamba karibu na mwaka 1840 mbao za meli ya watumwa iliyokamatwa zilipakuliwa katika mji wa Jamestown, na ndani yake mlikuwa na mchwa wa jamaa nyingine walao mbao. Katika miaka michache nyumba za mji ziliporomoka na vitabu vikaliwa. Huko hakuna aliyeona adui akishuka pwani, kwa maana alipakuliwa kwa mikono ya watu wenyewe.

MAFAA KWA MTU WA NJORO

Mtu wa Njoro, aliye mbali na bahari, aweza kuuliza habari hizi zamhusu nini. Zamhusu kwa njia tatu.

Kwanza, humfundisha kumjua adui yake kabla ya kununua dawa. Akiona vijia vya udongo vikipanda ukutani au juu ya nguzo, huyo ni mchwa wa ardhini. Anahitaji udongo na unyevu. Basi mbao za nyumba zisiguse ardhi, msingi uinuliwe, vijia vivunjwe kila vionekanapo, na nguzo ziwe za mti mgumu au zitiwe dawa. Lakini akiona chini ya kabati vijipunje vikavu, vidogo kama mbegu za mchicha, na kila punje ina pande sita, hapo hakuna vijia vya kuvunja wala kichuguu cha kuchimba. Mji mzima umo ndani ya kabati, na dawa iliyomwagwa katika msingi wa nyumba haitawafikia.

Pili, humwonya juu ya mizigo. Watu wanunuao vitanda, milango na masanduku ya zamani kutoka pwani hufurahia kazi nzuri ya seremala, nao wana haki. Lakini na wavigonge vitu hivyo kwa kidole kabla ya kuvipakia, wasikie kama vina sauti ya utupu, na wafagie chini yake waone kama kuna zile punje. Mchwa wa mbao kavu hapandi milima kwa mabawa yake, ila kwa lori aweza kufika popote.

Tatu, humfundisha asimhukumu kila mchwa kwa kosa la mmoja. Wengi wao hawagusi nyumba wala mazao. Hula majani makavu na miti iliyokufa na kuirudisha ardhini. Katika Laikipia, jirani ya Nakuru, Robert Pringle na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba mimea, wadudu na mijusi huwa tele zaidi karibu na vichuguu kuliko mbali navyo. Wakulima wengi wa Afrika hujua jambo hilo bila ya kuambiwa, ndiyo maana huchimba udongo wa vichuguu vya kale na kuutawanya mashambani. Muhanga naye, yule mnyama wa usiku mwenye masikio marefu, hana chakula kingine cha kutegemea ila mchwa na sisimizi. Afyekaye vichuguu vyote ili kuilinda nguzo moja amefanya biashara ya hasara.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Methali hiyo yafaa kuwa methali ya mchwa kuliko ya mtu mwenye shoka, maana ndivyo walivyofanya katika nguzo, katika nyumba za Jamestown, na katika magogo ya misitu yote tangu enzi za mende wa kwanza. Lakini kisa cha Madagascar chaongeza neno jingine, na neno hilo latoshea Njoro. Katika kituo chake, tangu mwaka 2005, ngano za nchi nyingi za dunia hupandwa na kujaribiwa kama zaweza kuihimili kutu mpya ya shina iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila mche ni swali moja: mbegu hii ikipelekwa ugenini, itasimama?

Mvua ikinyesha mchana na jioni kukawa shwari, kumbikumbi hutoka na kuzizunguka taa, na watoto huwakimbilia na mabakuli. Asubuhi huonekana mabawa tu, yametapakaa chini kama maganda ya ngano. Wengi wa wenye mabawa hayo wamekwisha kuliwa. Wachache wamo chini ya udongo, wawili wawili, nao wamekwisha kuanza kazi, kila mmoja kwa kile alichotoka nacho nyumbani kwao.